Ukuta wa Mbele

Lanham, nje kidogo ya Washington, Alhamisi, Novemba 2006

Na bado wanasema tunalihifadhi jengo. Tunahifadhi nini? Ukuta wa mbele tu. Leo bosi amenipa kalamu nyekundu nipake kwenye ramani kila kitakachobomolewa, nami nimepaka mpaka mkono ukauma.

Miezi yote hii nimelipima lile jengo la maduka kama fundi anayepima gauni la bibi harusi. Msanifu wake, wa enzi za Malkia Viktoria, aliacha uwazi mkubwa katikati akaufunika kwa paa la vioo, ili hata karani wa ghorofa ya chini aandike kwa mwanga wa jua. Mtu aliyewafikiria makarani. Sasa nyuma ya ukuta wake zitasimama ofisi mpya, na uwazi ule utajazwa lifti.

Nilimwomba bosi tuokoe angalau lile paa. Akanijibu kwa upole, "Wapita njia hawaoni ndani."

Ningekataa kazi. Lakini kibali changu cha kukaa nchi hii kinategemea ofisi hii hii, na mradi huu ukiisha sijui kama watanibakiza. Wiki nzima sijalala. Hata Rehema, mke wangu, sijamwambia.

Jioni mama amepiga simu kutoka Moshi. Alikuwa na wageni, nikamsikia akiwaambia, "Ni mwanangu, anajenga Washington." Kisha akaniuliza, "Kazi inaendaje, baba?"

Nikamwambia inaenda vizuri sana. Hata kucheka nikacheka.