Hesabu ya nkende wa Bumbire

Bashiri, nimekwisha. Nimekwisha!

Yule Mzungu wa wanyama kaja Bumbire kuhesabu nkende, wale tumbili wanaotoweka msituni. Mkalimani ni mimi.

Nikamuuliza mzee Protase, "Nkende wamebaki wangapi?"

Ukoo wake mwiko wao nkende, hata wenyewe hujiita nkende! Akajibu, "Tumebaki kumi na wawili. Wengine wamehamia Kanazi, wanalima kahawa."

Njaa imenibana, nikatafsiri harakaharaka: wako kumi na wawili, wengine wanalima kahawa.

Wanalima kahawa, Bashiri! Na Mzungu akaandika!

Akatangaza palepale: nkende asikamatwe, asiguswe.

Leo askari kaja kumkamata Protase kwa kupika gongo. Mzee hata hakuinuka. Kaninyooshea kidole: "Mkalimani, mwambie mimi nani."