Waya wa Taa ya Mlango

Mpwa wangu,

Salamu zako nimezipata. Unauliza kwa nini king'ora cha gari kinalia ovyo tangu ulipofunga redio mpya. Redio uliiunga kwenye waya wa taa ya mlango. Kila inapovuta umeme, king'ora hudhani mlango umefunguliwa. Ihamishie kwenye waya unaopata umeme ufunguo ukizungushwa. Ni kazi ya dakika kumi, nami nilikueleza mara tatu.

Msibani uliuliza pia kwa nini mama yako hakuita mtu. Aliita. Alipozidiwa sebuleni, miguu ikagoma, alibonyeza kitufe cha ufunguo wa gari ili king'ora kilie. Jirani amekiri kwangu kwamba alimzuia mkewe: "Kaa chini, mama watoto, ni ile redio ya bwana mdogo!"

Kililia mpaka betri ikaisha.

Mimi mjomba wako,
kaka wa marehemu