Petroli ya Kushukia Durban

Phuthaditjhaba,
21 Aprili 2009.

Mpendwa mdogo wangu Selloane,

Hujambo huko? Miguu je, bado inavimba jioni? Mimi nipo, nashukuru, kifua tu kinanibana, baridi imeanza. Anayeniandikia ni Mme Puseletso, yule mama wa jirani. Ananiambia nipunguze mbio, mkono wake si cherehani.

Selloane, Pasaka nilikupigia nikakwambia gari bovu, ukanikatia simu. Ulisema kama sitaki kuja niseme tu, nisilisingizie gari. Imeniuma. Miaka kumi na moja hatujaonana, na mwenzio niliondoka kweli! Nilifika mpaka Pietermaritzburg. Sikukueleza, niliona aibu, na wewe ukikasirika husikii la mtu.

Niliendesha mwenyewe lile la bluu la marehemu mume wangu. Skonzi zako niliziweka kiti cha pembeni, maana kikiwa kitupu naanza kuzungumza nacho.

Harrismith nikasimama kujaza. Dada wa pampu akauliza, "Mama, petroli ya tisini na tatu au ile kali ya tisini na tano?" Tisini na tatu. Akasema, "Kama unashuka Durban weka tisini na tano, mama yangu." Nikamwambia, "We! Gari hili limeanza kunywa tisini na tatu hujaota hata meno." Akacheka, akajaza.

Ndiyo aliyokuwa akiweka Ntate Tsokolo miaka yote. Lakini mume wangu yule, unamjua, hakuwahi kuteremka mlima na gari lile hata siku moja.

Kufika huko chini, kila kilima injini inagonga, ka-ka-ka, kama mtu anatikisa mawe kwenye debe. Nikaegesha. Nikajua ni Tsokolo, hataki nimwache peke yake kaburini nikale raha baharini. Nikamwambia, haya baba, turudi. Nikageuza. Nilipopanda huku juu kelele ikakoma, nikazidi kuamini. Skonzi nilizila njia nzima huku nalia.

Baada ya sikukuu nikalipeleka kwa fundi Rapitso, nikamweleza kuwa ni Tsokolo anayegonga. Alicheka mpaka akakaa kwenye tairi. "Mama, gari zima hili. Huku kwetu milimani hewa nyepesi, tisini na tatu inatosha. Kule chini hewa nzito, gari la zamani namna hii linataka tisini na tano, usipoliwekea linagonga. Marehemu hayumo humu."

Marehemu hayumo. Nilirudi nyumbani na neno hilo nikakaa nalo jikoni mpaka chai ikapoa. Bora angeniambia injini imekufa. Kumbe nilikuwa nimefurahi, Selloane, kwamba bado yupo mtu wa kunikataza jambo.

Mme Puseletso amesimamisha kalamu, anapenga kamasi. Andika, mama, barua haijaisha.

Jana nimekwenda kujaza. Nikasema tisini na tano. Niliirudia mara tatu, wa pampu akadhani nimesahau kuhesabu.

Ijumaa tarehe moja Mei nakuja. Kama bado umenuna, nuna, lakini usifunge geti. Sina nguvu za kugeuza gari mara ya pili.

Nisalimie shemeji Bhekokwakhe na mwanangu Nonceba. Mungu akushike miguu hiyo, akulaze vizuri.

Wako akupendaye, hata ukikata simu,
dada yako Dieketseng.