Kamba ya Mguuni

Milanzi,
Sumbawanga.
15 Julai 2025.

Mpendwa mpwa wangu Angela,

Pokea salamu kutoka kwenye baridi yetu. Hujambo wewe, na mumeo Andwele, na watoto, huko ng'ambo? Kile kikohozi cha Rose kimepungua? Mimi sijambo, isipokuwa goti la kushoto, ambalo kila Julai huamka kabla yangu. Mahindi yameshaingia ndani. Ulezi bado tunapura.

Mama yako ni mzima. Naliandika hilo mapema kwa sababu Jumamosi sikuwa na hakika nalo, wala na uzima wako. Kwenye simu mlilia tu wote wawili, kwa hiyo hujui siku ile ilikwendaje huku.

Video aliyoituma Andwele iliingia kwenye simu ya mama yako saa mbili na nusu asubuhi. Nilikuwa nimefika kwake Kizwite kumsaidia kuanika ulezi. Ina sekunde kumi na nane. Unaonekana baharini, umelala kifudifudi juu ya ubao wako wa bluu, ule wenye mgongo wa sponji. Unasimama. Wimbi dogo, halifiki kiunoni, linakubeba mwendo wa hatua sita, kisha unaanguka. Ubao unaruka juu ya povu, peke yake. Picha inatikisika, unaonekana mchanga, basi. Chini yake Andwele ameandika, "Bibi, mtazame mwanao," na kikatuni cha uso unaotoa machozi. Sasa najua kwamba ni machozi ya kicheko, na kwamba alizima kwa sababu Rose alikuwa anakimbilia maji. Wakati ule hatukujua.

Mama yako hakupiga kelele. Aliweka ungo chini, akasema, "Kama Yusto."

Hukuwahi kuambiwa habari za Yusto, na kosa ni letu. Alikuwa mdogo wangu, kaka yake mama yako. Kabla hatujahamishiwa huku juu tuliishi kando ya Ziwa Rukwa, mbele ya Muze, mahali ambapo siku hizi maji yamepafunika. Watoto tulifunga matita ya matete, tukayalalia kwa kifua, na upepo wa mchana ukatusukuma na vijiwimbi mpaka nchi kavu. Sijacheza mchezo mwingine mzuri kama ule. Tita la Yusto nililifunga mimi, nikiwa na miaka kumi na miwili. Siku moja lilirudi peke yake. Mama yako, mwenye miaka sita, ndiye aliyeliona kwanza. Tulikaa matanga bila kaburi.

Tukakupigia. Simu yako iliita tu bila kupokelewa, na ya Andwele ilikuwa imeisha chaji. Uliwahi kuniandikia kwamba wodini simu hufungiwa kabatini mpaka zamu iishe, lakini asubuhi ile sikulikumbuka.

Kufikia saa tano benchi zilikuwa uani. Watu wa jumuiya walikuja na unga, moto wa nje ukawashwa, na mama yako akafungwa kitenge kiunoni kama mfiwa. Jirani yake, Bertilla, aliuliza kwa sauti ya kufika barabarani, "Mama wa watoto wawili anatafuta nini majini asubuhi? Kwake hakuna vyombo vya kuosha?"

Katekista Lazaro akanivuta pembeni.

"Mwalimu, tuanze rozari. Watu wameshakaa."

"Ya marehemu au ya msafiri?"

"Tusali tu. Mungu mwenyewe atajua aiweke wapi."

Nilikataa. Niliona kwamba wakishaanza, msiba utakuwa umekubaliwa na wote, na mama yako atakuwa wa kwanza kuukubali.

Nikaingia chumbani na simu. Niliitazama video mara ya tano, mara ya sita, nikiisimamisha kwa kidole, kama nilivyokuwa nikisahihisha imla, neno baada ya neno. Katika sekunde ya kumi na sita, kutoka mkiani mwa ubao mpaka ndani ya povu, kuna mstari mweusi. Hapo nikakumbuka barua yako ya Pasaka: kwamba kila Jumamosi unapata dakika arobaini tu, kati ya uji wa watoto na zamu, kwamba mawimbi makubwa unawaachia wasio na wa kuwarudia nyumbani, na kwamba ubao hufungwa kamba kwenye kifundo cha mguu. Kamba ile ilikuwa imekaza.

Nilimwita mama yako nikamwonyesha. "Agnesi, kamba hii ingekuwa imelegea, ingeelea. Hii inavutwa. Kuna mtu upande wa pili."

Aliichukua simu mkononi. "Au kuna mzigo tu," alisema.

Lakini alikifungua kile kitenge, akatoka, akawaambia watu wanywe chai, hakuna msiba bado. Alisema hivyo, bado. Tukakaa na neno hilo mpaka saa kumi na dakika kumi, ulipopiga kuuliza kwa nini umekuta simu thelathini na moja.

Mama yako ameniagiza nikuandikie uache. Jana amenikumbusha tena. Basi nimeliandika, na umelisoma.

Langu ni hili. Tita la Yusto nililifunga vizuri. Lilirudi bila kufumuka hata unyasi mmoja. Yeye mwenyewe sikumfunga. Kwa hiyo ukiingia tena majini, ivute kamba mara mbili kwanza. Na ukitoka, kabla hujajikausha, mtumie mama yako neno moja. Jana hiyohiyo, baada ya kunikumbusha, aliniuliza saa zenu na zetu zinapishana kwa kiasi gani. Nilipomjibu, akaniomba nimwekee kengele ya simu, Jumamosi, saa mbili na nusu.

Nisalimie Andwele, umwambie simkasirikii, ila vikatuni aache. Mbusu Rose na mkubwa wake Amos. Lazaro anakusalimu, na Bertilla pia, ambaye siku ile ndiye aliyechelewa kuliko wote kuondoka.

Mungu akurudishe nchi kavu kila Jumamosi.

Mimi mjomba wako nikupendaye,
Felisian