Kutu Kwenye Reli za Bwawa Jipya

4 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umetulia na masikio hayajazidi kuziba kwa kelele za grenda ya kukatia vyuma. Mimi sijambo, ila usimamizi wa hoteli umenibana tangu bwawa jipya la kuogelea lifunguliwe. Wageni wanalipenda kwa sababu maji yake ya chumvi hayawashi macho.

Naandika kwa jambo dogo. Reli na ngazi ulizotuchomelea zimeanza kutoa madoa ya kahawia, hasa kwenye maungio. Bosi ameyaona. Nimemwambia ni uchafu wa maji tu, lakini hakuonekana kuridhika. Si ulisema stenlesi haishiki kutu? Tufanye nini?

Mwanao

11 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo afadhali. Masikio ndiyo yale yale, jana jirani kanisalimu nikamtajia bei ya geti.

Stenlesi niliyotumia ni ile yenyewe, niliichagua kwa mkono wangu. Kosa ni lenu. Chumvi ikiachwa ikaukie juu ya chuma inakula taratibu. Kila jioni reli zisuuzwe kwa maji ya bomba na zikaushwe kwa kitambaa, na mtu asiziguse na waya wa kusugulia sufuria. Mwambie bosi wako kwamba baba yako alianza kuchomelea kabla yeye hajajua kufunga kamba za viatu. Au nije nimwambie mwenyewe?

Baba yako

26 Februari

Baba,

Shikamoo, na poleni na kazi. Tumesuuza na kukausha kama ulivyoelekeza, na madoa yamezidi. Sasa yanachuruzika mpaka kwenye vigae vyeupe. Juzi mgeni mmoja aliegemea ngazi, akaondoka na mstari wa kahawia kwenye taulo lake jeupe. Bosi alimwomba radhi mbele ya watu, kisha akaniuliza ni fundi gani wa vichochoroni niliyemletea. Nikainama kupangusa vigae.

Tafadhali usije. Nitatafuta mtu wa hapa hapa. Safari ni ndefu na mgongo wako unaujua mwenyewe.

Mwanao

15 Machi

Kwako binti,

Nimerudi nyumbani salama, usihangaike kuuliza. Najua ulinikataza, lakini nilishindwa kukaa nyumbani huku kazi yangu inachafua watu.

Nilipopiga magoti pale kwenye ngazi niliona kilichotokea hata kabla sijafungua mkoba. Kutu haikutoka ndani ya stenlesi, imeletwa juu yake, na aliyeileta ni mimi. Nilikuwa nimetoka kusugua mageti ya chuma cha kawaida, nikachukua brashi ile ile ya waya nikasugulia maungio ya reli zenu. Unga wa chuma ukabaki pale, chumvi ikaukuta. Fundi anayejifunza huambiwa siku za mwanzo kabisa kwamba brashi ya stenlesi haigusi chuma kingine, na miaka yote mimi ndiye niliyekuwa nikiwaambia. Halafu nikakuandikia kwamba kosa ni lenu. Nimeaibika, mwanangu, hata grenda sitaki kuishika.

Nilipaka dawa ya kula kutu, nikasuuza, nikasugua kwa brashi mpya. Madoa hayatarudi mkiendelea kusuuza.

Ulipopita na bosi wako akakuuliza mimi ni nani, ulisema, "Ni fundi tu, ametumwa." Nami nikaitikia, "Ndiyo, madamu." Nadhani nilijibu vizuri. Ovaroli yangu ina matundu ya cheche, haikufaa palipo na wageni. Ningejua ningevaa suruali ya maana.

Fundi

22 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Sijui kama bado nina uso wa kukusalimu.

Ovaroli haikuwa na kosa. Nilikuona umepiga magoti, soli ya kiatu kimoja imeachia, na kitu cha kwanza nilichofikiri ni kwamba bosi asijue. Nilifikiri hivyo kabla ya kujiuliza kama umekula. Ukaniita madamu, na mimi nikaendelea kutembea. Niliona aibu kwa ajili yako, baba, na sasa najionea aibu mwenyewe, kiasi kwamba nikifika bwawani nazunguka upande mwingine nisiione ile ngazi.

Nigombeze, lakini niandikie.

Mwanao

19 Aprili

Baba,

Shikamoo. Hujajibu. Jirani amenipigia simu akasema u mzima na unafanya kazi, basi najua kimya hiki si cha ugonjwa.

Jana nilimfuata bosi ofisini nikamwambia yule mzee ni baba yangu. Yeye akasema tu kwamba reli zinang'aa, na kwamba angependa umtengenezee na za ngazi ya nyuma. Dharau niliyokuwa naiogopa haikuwepo. Kisha akakunja uso.

"Lakini siku ile nilimuuliza kama ana watoto," akasema. "Akaniambia hana."

Sijui ulisema hivyo ili kunilinda, au ulimaanisha. Niambie, hata kama jibu litaniumiza.

Mwanao, kama bado

27 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, ya leo na ya zile zote ambazo sikuziitikia.

Nilimaanisha. Usijifariji kwamba nilikuwa nakulinda. Wewe ulikwishaondoka, bosi wako akaniuliza, neno likanitoka na sikulirudisha. Nilimaanisha mpaka kituo cha basi. Ndani ya basi mama mmoja akakaa karibu nami, akanihadithia wanawe wote, kisha akaniuliza wangu. Nililia, mtu mzima mimi, mkoba wa vifaa mapajani, na yule mama akadhani nimefiwa. Ndiyo maana sikukuandikia. Ya brashi niliweza kuieleza, hii nilishindwa.

Reli za nyuma nitazitengeneza. Nitakuja Jumatatu asubuhi. Nikifika getini, mlinzi ataniuliza nimemfuata nani, na nitamwambia nimemfuata binti yangu. Uwe karibu usikie.

Baba yako