Florentine ndani ya samaki ya machupa

Vanessa, we! Florentine amejifungia ndani ya samaki yake!

Ile kubwa anatengeneza na machupa ya plastiki anaokota ku mwambao wa ziwa, kule Baraka. Alikuwa anaishona kwa ndani na fundo ya bavuvi, ile haifunguke, akafunga mpaka mudomo. Kisu aliacha inje!

Kabla nimukatie, bageni bakaingia kuangalia samaki, na pasta wabo mbele. Pasta akaegemea samaki, akaanza kuhubiri juu ya ziwa safi. Hakuna kumaliza! Mi naona haya kumukatiza, kisu nyuma ya mugongo, Florentine ndani anatoka jasho.

Pasta akasema: «Bandugu, tumaini yetu iko humu ndani!»

Sauti ikatoka tumboni: «Iko, pasta, lakini inakosa pumzi!»

Bantu bote bakakimbia. Vanessa, hata mi mwenye kujua nilikimbia, kisu mukononi. Na yeye iko ndani mpaka sasa!