Saada, Mama Yako Amepanda Ndege

Saada wangu,

Mama yako amepanda ndege. Naanza na hilo kwa sababu najua ungenikatiza kama ningeanza na jingine. Amepanda, ametua na amerudi salama. Sasa yuko kwake Iringa anawasimulia majirani, na kila akisimulia ile ndege inazidi kuwa kubwa. Mimi nimefika Mbeya juzi. Mlima Loleza umefunikwa na ukungu tangu asubuhi, nguo hazikauki, nikaona nikae nikuandikie.

Tangu ututoke sijakuandikia hata mstari. Sikuweza. Nikishika kalamu tu naona... basi, tuyaache. Wewe mwenyewe ulikuwa ukiniambia, "Tupe, maneno mengi ya nini? Sema jambo." Nasema jambo.

Unaikumbuka nyumba yetu ya walimu pale Igowole? Baridi ya Mufindi inapita chini ya mlango, wewe umevaa sweta mbili na kujitanda khanga juu yake, unaapa kwamba kesho unaomba uhamisho. Ndiko tulikoupanga mpango wetu. Tulikuwa tunasahihisha madaftari, ukalisukuma rundo lako pembeni ukasema, "Tukistaafu, Tupe, tunapanda ndege mimi na wewe. Tunakwenda Mji Mkongwe kwa mama mkubwa Rukia. Tunakaa tu. Tunaletewa kahawa, na hatusahihishi daftari la mtu." Nikakwambia mimi siwezi kupanda kitu kisichogusa ardhi. Ulicheka mpaka mwalimu wa chumba cha pili akagonga ukuta. Baadaye wewe ukahamia Iringa kwenu, mimi nikarudi Mbeya, lakini hakuna simu yetu iliyokwisha bila ndege. "Umeshazoea wazo?" "Bado." "Zoea."

Halafu ukaugua. Mambo yakaenda mbio kutushinda.

Arobaini yako ilipopita mama yako alinipigia simu. Nilidhani ananijulia hali, maana ndivyo alivyokuwa akifanya, yeye mfiwa ananipoza mimi. Siku hiyo hakuzunguka.

"Atupele," akasema, "ule mpango wenu wa ndege mmeuzika pamoja naye?"

Nikaihamishia simu sikio la pili.

"Kama hamkuuzika, basi nafasi yake nipe mimi."

Ndipo akanieleza habari za dada yake. Unajua walivyokuwa wale, kila Ijumaa baada ya sala wanapigiana simu, mmoja Unguja, mmoja Iringa, wanaulizana leo umepika nini. Sasa Bi Rukia ameanza kusahau. Alianza kwa kusahau majina ya mitaa, baadaye watu. Binti yake Mwanaidi ndiye anayemshikia simu sikioni. Ijumaa moja alimsikiliza mdogo wake kwa adabu kabisa, kisha akauliza, "Samahani, nasema na nani?"

 Mama hakulia, lakini nilimsikia akipumua.

"Nataka nimuone angali ana chochote changu kichwani," akasema. "Na kwa basi sifiki, mwanangu. Magoti haya yataishia Mikumi."

Hakuwa amerudi huko tangu msiba wa bibi yako, wewe ukiwa mtoto wa mgongoni. Baada ya hapo likaja duka, wakaja wadogo, baba yako akaugua, miaka ikapita bila kumwomba ruhusa.

Kaka yako Harun alikataa katakata. Alinipigia akiwa dukani kwake, nyuma nasikia wateja wanaulizia misumari. "Dada Atupele, nakuheshimu kama dada yangu wa tumbo moja," akasema. "Lakini mama ana presha, na mimi mwaka huu nimeshazika." Ningemjibu nini? Ni kweli amezika. Na nikwambie wewe peke yako, nilipokata simu nilijisikia nafuu, kwa sababu ndege nilikuwa bado naiogopa.

Ila unamjua mama. Hakubishana naye. Alijifunga ushungi wake, akaenda hospitali peke yake, akapimwa, akamuuliza daktari kama moyo wake unaruhusu. Daktari akamwambia unaruhusu, ilimradi ameze dawa zake na asipande ngazi mbio. Akarudi nyumbani, akamkuta Harun anakula, akamwambia, "Harun, mimi sikuombi ruhusa. Nakuaga." Harun mwenyewe ndiye aliyenisimulia. Akamaliza kwa kuniuliza, "Utakuwa naye kila hatua?" Nikamwambia kila hatua.

Nikaenda kwa wakala wa tiketi pale Mwanjelwa. Binti wa pale akaanza kuniuliza mambo ambayo sikuwahi kuyafikiria. Ya asubuhi au ya mchana? Bibi atakaa dirishani? Anatembea mwenyewe au aandaliwe kiti cha magurudumu? Mpango ukawa tuondokee uwanja wa Nduli, pale Iringa, tubadilishe ndege Dar es Salaam, na Unguja tuingie siku hiyo hiyo. Nikampigia mama. Kiti cha magurudumu akakikataa, dirisha akalitaka. Binti akaniomba majina kama yalivyo kwenye vitambulisho. Nikataja langu. Nilipotaka kutaja la mama nikasita, Saada, kwa sababu miaka yote kichwani mwangu tiketi ya pili ilikuwa na jina lako.

"Mama, niandike?" binti akauliza.

Nikamtajia la mama, nikamwambia andika.

Nilifika Iringa siku moja kabla. Sebuleni kwenu hakuna pa kukanyaga! Kuna kiroba cha vitunguu vilivyotoka Ruaha Mbuyuni, kuna maharage, viazi, asali, na vikapu vya majani ya milulu vimepachikwa kimoja ndani ya kingine.

"Mama, ndege ina mzani," nikamwambia.

"Na mimi nina dada," akanijibu.

"Unguja vitunguu vipo."

"Vipo. Havijatoka kwangu."

Harun ikabidi alete mzani wa dukani. Tukapima, tukapunguza, tukapima tena. Viazi vikabaki. Nusu ya maharage ikabaki. Vitunguu mama alivikalia, kwa maana halisi ya kukalia, mpaka Harun akasalimu amri. Asubuhi yake alitupeleka Nduli kwa gari lake. Alinieleza habari za dawa nyumbani, akanieleza njiani, na tulipofika akanieleza upya kana kwamba tumekutana sasa hivi. Kisha akamkumbatia mama yake, akamshikilia, mama akambembeleza mgongoni kama mtoto mwenye homa.

Ile ndege ilikuwa ya mapangaboi, Saada. Unayaona yanavyozunguka! Mhudumu alikuwa binti mrembo wa sare. Mama akamsalimia, "Kamwene, mwanangu," na binti akaitikia, "Kamwene, bibi," kwa lafudhi ya Kihehe kabisa. Kumbe ni mtoto wa Idodi, huko huko Iringa. Tangu hapo mama akawa mwenye ndege. Tulipoanza kukimbia mama alisema bismillahi, nami nikaomba kwa namna yetu ya Kimoraviani. Nikafumba macho. Nikakamata mkono wa kiti kwa nguvu zangu zote.

"Atupele," akasema mama taratibu, "huo mkono nitauhitaji nikifika."

Nilikuwa nimemkamata yeye.

Alipotazama chini akaguna. "Kumbe Iringa yenyewe ndiyo hii? Na nimezeekea humo!" Akatafuta mtaa wenu kwa kidole kwenye kioo, akautafuta, hatimaye milima ikaufunika. Tulipopita mawingu akaegemeza paji la uso kwenye kioo.

"Saada angezungumza njia nzima," akasema.

Nikamwambia angezungumza.

Tukakaa kimya wote wawili, kama watu wanaomwachia mtu mwingine zamu yake.

Mwanaidi alitupokea Unguja. Akatupitisha vichochoroni, mama anatembea mwenyewe, mkono mmoja ukutani. Alikuwa anavitambua. "Hapa palikuwa na muuza mikate. Hapa tulikuwa tunakatazwa kupita." Ngazi za nyumba yao ni kali, nikamkumbusha maneno ya daktari, akazipanda moja moja, akipumzika kila baada ya chache. Juu kulikuwa na chumba chenye harufu ya udi, na Bi Rukia amekaa kitandani. Ni mdogo wa umbo, Saada. Ni mama yako kabisa, ila kama amefuliwa mara nyingi.

"Karibuni, karibuni," akasema. "Mwanaidi, wageni hawa, kahawa."

Mama alikuwa amefungua mdomo aseme, "Ni mimi." Nilimwona. Lakini Bi Rukia akamtazama na kutabasamu. "Umefanana na mdogo wangu, bibi wewe. Ameolewa bara, mbali huko, kwenye baridi."

Mama akakaa polepole kwenye ukingo wa kitanda. Sikujua atafanya nini.

"Namjua," akasema. "Natoka huko huko. Amenituma nikusalimie."

"Zuhura?"

"Zuhura huyo huyo. Na amekuletea vitunguu."

Bi Rukia akacheka, akapiga makofi kama msichana. Akamwambia mama habari za Zuhura, alivyokuwa mkaidi, alivyojificha chini ya ngazi siku walipokuja kumposa. Mama anasikiliza habari zake mwenyewe, anaitikia, anauliza, "Kisha ikawaje?" Bi Rukia akainama karibu naye, akashusha sauti.

"Siku anaondoka alilia sana. Mimi sikulia mbele yake, ningemvunja moyo. Nililia alipokwisha kwenda. Nililia siku nyingi. Usimwambie."

"Simwambii," mama akasema.

Nikageukia dirishani. Mwanaidi naye alikuwa amegeuka.

Tulikaa Unguja siku kadhaa, na kila siku mama alipanda zile ngazi kama mgeni mpya aliyetoka bara na salamu. Siku ya mwisho, tukiwa tunaaga, Bi Rukia akamshika mkono. "Na yule mtoto wake aliyekuja naye kwenye msiba wa mama? Yule mnene wa mgongoni, anavuta ushungi wangu. Saada. Hajambo?"

Mwanaidi alisimama na vikombe mikononi. Walikwisha kumwambia habari zako siku za msiba. Alilia, kesho yake akasahau.

 Mama aliutazama mkono wa dada yake ulioshika wake.

"Hajambo," akasema. "Anakusalimu sana."

"Salamu zimefika. Na mimi mwambie namsalimu. Mwambie aje."

"Nitamwambia."

Kwenye kichochoro mama aliegemea ukuta, nikadhani ni magoti. "Nimesema uongo, Atupele?" akaniuliza. Nikamwambia sijui, mama. Akajifuta uso na ncha ya ushungi. "Mle ndani mwanangu yu mzima. Mimi sina nguvu za kumzika mara ya pili." Tukaenda zetu.

Njiani kurudi, ndege imeshatulia hewani, aliniambia, "Nilimwahidi dada kwamba nitamwambia Saada. Nitasema kwenye dua zangu. Lakini wewe ndiye uliyezoea kumwandikia tangu mlipoachana Igowole. Mwandikie."

Ndiyo maana ya barua hii. Mama mkubwa Rukia anakusalimu, Saada. Amesema uje. Kwake yeye ungali unavuta ushungi wake, na hakuna mtu mle ndani atakayemwambia vinginevyo.

Mama yako usimwonee wasiwasi. Nimemwahidi, na wewe nakuahidi: Mungu akitupa uzima, kila mwaka nitashuka Iringa kumchukua, na tutaruka tena, hata kama dada yake atakuwa anatuuliza kila mara tunatoka wapi. Tutamwambia tunatoka bara, tumetumwa na Zuhura. Nami nitafumba macho wakati wa kuruka, nitafumbua tukishafika juu.

Pumzika, mwenzangu. Nimekukosa sana, na nakupenda vilevile.

Wako,
Tupe